Kupamba Nyumba kwa Mikono Yetu Wakati wa Krismasi

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Ndabibi)



Halmashauri iliponiomba niseme machache juu ya kupamba nyumba na kuadhimisha Krismasi kwa gharama ndogo, nilidhani kazi hiyo ingemfaa zaidi mtu mwenye nyumba ya mawe. Yangu mwaijua: ni ya udongo, vyumba vitatu, na bati lake limeliwa na kutu upande wa machweo. Lakini Bwana Mwandishi alinijibu, "Mama, hatukuiti kwa sababu ya nyumba, twakuita kwa sababu ya lile deni." Basi, kwa kuwa deni lenyewe halikufichika kwa mtu, naanza na hilo.

Miaka michache iliyopita wanangu wote walituma habari kwamba watakuja nyumbani kwa sikukuu, na mmoja wao atakuja na mchumba wake. Nikaingiwa na haya. Niliziona kuta zangu kama mgeni atakavyoziona, zenye nyufa na masizi. Badala ya kushika mwiko nilishika simu. Nilikopa, na fedha zikaingia kabla maji ya chai hayajachemka. Nikanunua pazia, zulia la plastiki, taa ndogo ndogo za rangi, karatasi za kumetameta na maua yasiyonyauka. Siku ya Krismasi nyumba iling'aa, siwafichi, nami nilifurahi. Taa ziliwaka siku mbili. Zulia lilianza kujikunja pembe kabla ya Mwaka Mpya. Januari ikafika, mkopeshaji akataka chake pamoja na riba, na mwanangu wa kidato cha pili akakaa nyumbani siku kumi na saba kwa kukosa karo. Hakunilaumu. Alikuwa akiketi chini ya zile taa zilizozimika, akisoma vitabu vyake vya mwaka uliopita, nami naona afadhali angenilaumu.

Nimesema hayo kwa kuwa najua si yangu peke yangu. Kalenda ya shule, iliyovurugika kwa ugonjwa wa korona mwaka 2020, ilirudi kuanza Januari mwaka 2023, na tangu hapo sikukuu na karo zimekuwa majirani tena. Atumiaye fedha zote tarehe 24 Desemba hapati hata majuma mawili ya kutafuta nyingine.

Sasa, wapo wazee wangu ambao wakisikia habari kama hizi husema dawa yake ni rahisi: mapambo yaachwe, maana nyumba ni ya kulalia, na ukuta mweupe haumshibishi mtu. Nawaheshimu, lakini katika neno hili sikubaliani nao, na sababu yangu ni ya hapa hapa kwetu.

Wengi humu mnakumbuka mwezi wa Oktoba mwaka 1993, watu walipofukuzwa Enoosupukia wakashuka Maela. Maelfu walikaa kambini zaidi ya mwaka mmoja, chini ya karatasi za plastiki na matambara. Tarehe 24 Desemba 1994, mkesha wa Krismasi, wengi wao walipakiwa malorini wakapelekwa Mkoa wa Kati, na kambi ikavunjwa. Baadhi ya jamaa walipewa ardhi hapa jirani, Moi Ndabi. Mama mmoja ambaye hapendi jina lake litajwe alinihadithia kwamba kule kambini alikuwa ametundika ndani ya kibanda chake kalenda kuukuu yenye picha ya maua, ameishikiza kwa miiba ya mgunga. Kambi ilipovunjwa aliibandua, akaikunja na kuitia kifuani. Alipopata mahali pa kukaa alisimamisha nguzo, akakandika udongo, na kabla ukuta haujakauka akaitundika kalenda yake. Nilimwuliza kwa nini aliharakia kalenda ya mwaka uliokwisha kupita, ilhali nyumba haikuwa hata na mlango. Akasema, "Ili watoto wajue kwamba hapa tunakaa, hatupiti."

Baada ya kusikia hayo siwezi kuliita pambo kuwa ni upuzi. Ninalolikataa mimi ni pambo la kukopa. Naomba sasa niseme habari ya kazi yenyewe, nikianza na ukuta, maana ndio ulao nguvu nyingi zaidi.

Nyumbani kwangu kazi huanza tarehe 12 Desemba, Sikukuu ya Jamhuri. Mvua za vuli kwa kawaida zimekwisha kupungua, na watoto wamefunga shule. Udongo wetu wa Ndabibi, kama mjuavyo kwa vumbi lake, umetokana na majivu ya milima ya moto; ni mwepesi na haushikamani. Ukiukandika peke yake utapasuka, na pasipopasuka patamomonyoka. Yafaa kuchimba chini kidogo mpaka kwenye udongo unaonata mkononi, kisha kuuchanganya na samadi mbichi ya ng'ombe, majivu ya jikoni yaliyochekechwa, na nyasi zilizokatwa fupi. Mabingwa wa lipu hii ni akina mama wa Kimaasai, ambao tangu zamani ndio wajenzi wa nyumba zao. Mimi nilifundishwa na mama mmoja wa upande wa Kongoni, naye alinicheka juma zima kwa sababu nilimletea samadi kavu. Alinionyesha pia jambo ambalo mafundi wengi wa mjini hulisahau: ufa hulowanishwa kwanza ndipo uzibwe, maana ukuta mkavu hufyonza maji ya lipu na kuitema.

Lipu ikikauka kabisa ndipo tunapopaka chokaa. Gunia moja dogo latosha kwa nyumba kama yangu, na bei yake haishindi ile ya jogoo mzuri wa kienyeji. Chokaa inunuliwayo dukani katika mifuko aghalabu ni ile iliyokwisha kuzimwa. Mtu akipata ile isiyozimwa, na aitie kidogo kidogo ndani ya maji mengi, wala asimwage maji juu yake. Huchemka na kuruka, na imewatia watu upofu. Hata ile iliyozimwa huchoma macho. Ikimwingia mtu, aoshwe kwa maji safi kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali bila kungoja kuona kama itapoa.

Chekecha chokaa kwa kitambaa cha pazia kuukuu, iloweke usiku kucha, kisha iwe nyepesi kama maziwa. Tia konzi ya chumvi iliyoyeyushwa ili ishike. Ulowanishe ukuta, upake. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, maana mkono wa kwanza huonekana kama maji machafu, na mtu hudhani amepunjwa dukani. Usiongeze! Ngoja kesho. Chokaa hukauka ikiwa nyeupe, nayo hugeuka kuwa ngumu polepole, kwa sababu inavuta kutoka hewani kile ambacho moto wa tanuri ulikiondoa katika jiwe. Mikono mitatu myepesi hushinda mmoja mzito, ambao utabambuka kama ngozi ya mgonjwa. Ndugu zetu wa pwani walikuwa wakichoma matumbawe ya bahari wakapata chokaa, na kuta za Lamu zilizopakwa kwa njia hiyo zimesimama kwa karne nyingi. Wao walikuwa na bahari. Sisi tuna duka la Naivasha, na tusione haya.

Nitoe onyo moja juu ya ule udongo mweupe wa Kariandusi, kule karibu na Gilgil. Wapo wanaoleta mfuko wake wakidhani wameokoa fedha. Ule si chokaa. Haugandi; ukiupaka peke yake kila aegemeaye ukuta ataondoka na mgongo mweupe, na vumbi lake si jema kwa mapafu.

Rangi nyingine hazinunuliwi. Udongo mwekundu ukichanganywa na chokaa kidogo hutoa rangi ya kupendeza, na mkaa uliosagwa hutoa nyeusi. Chini ya ukuta, kiasi cha shubiri tatu kutoka ardhini, sisi hupaka ukanda mwekundu. Huo si urembo mtupu: mvua inyeshapo hurusha matope mpaka hapo, na juu ya wekundu hayaonekani. Juu ya ukanda kila mtoto hupewa hatua mbili za ukuta achore apendavyo. Mwaka mmoja mdogo wangu alichora ng'ombe mwenye miguu mitano. Nilitaka kuufuta ule mmoja, baba yake akanizuia, naye mgeni hakuna aliyeingia mwaka ule bila kuuliza habari za ng'ombe yule.

Mwimo wa mlango wa jikoni hatuupaki. Hapo ndipo watoto husimamishwa siku kazi inapoanza, na vimo vyao kukatwa kwa kisu, kila mmoja na alama yake. Binti yangu afanyaye kazi Nairobi ana miaka zaidi ya thelathini na hakui tena, lakini akikosa kusimamishwa hapo hununa. Mwaka juzi aliniambia kwamba kama hana budi kuchagua ruhusa ya siku mbili tu, atakuja siku ya chokaa, na siku ya nyama tutamwekea. Wazee wangu, tulikuwa tukidhani vijana wanaitwa na pilau.

Sasa tuingie ndani. Zamani kuta za ndani tulizibandika magazeti. Nyumbani kwa baba yangu lilikuwa Baraza, gazeti lililoanzishwa mwaka 1939, na baadaye likaja Taifa Leo. Mimi nilijua kusoma ukutani kabla ya darasani. Kaka yangu alibandika ukurasa mmoja kichwa chini, na mpaka leo habari ile nikiikumbuka shingo yangu huinama yenyewe. Desturi hii haifai kudharauliwa: karatasi huziba upepo wa usiku, na baridi ya huku mwaijua, na mtoto hupata la kusoma akiwa kitandani. Gundi yake ni uji mzito wa unga wa ngano. Ila panya huupenda uji huo, kwa hiyo upakwe mwembamba. Na mwenye kutumia koroboi au mshumaa asibandike karatasi karibu nao, wala asining'inize mapambo juu ya jiko.

Kuhusu yale mapambo ya kuning'inia, wengine tulikuwa tukiyakata kutoka kwa mifuko ya nailoni ya rangi. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017, na kwa maoni yangu ukumbi wetu haukupoteza kitu. Maganda ya mahindi ya ndani, yale laini, yakilowanishwa hukunjika kama kitambaa. Yakifungwa kwa uzi hutoa nyota, na yakisukwa hutoa taji la kutundika mlangoni. Huwa tunayaweka tangu mavuno, juu ya dari, mbali na panya. Watoto wakishindwa kupatana jioni za Desemba, huwapa maganda na uzi.

Jambo moja hunichekesha na kunihuzunisha pamoja. Ziwa letu limezungukwa na mashamba ya maua, na wengi wa vijana wetu hufunga waridi za kwenda Ulaya kutwa kucha. Jioni hiyo hiyo, siku ya mshahara, hupitia dukani wakanunua ua la plastiki lililotoka ng'ambo ya bahari ili kupamba meza ya mama. Huku uani pana leleshwa inanukia bure! Tawi la leleshwa ndani ya kopo lililopakwa chokaa hutia nyumba harufu nzuri kwa siku nyingi.

Wanaotaka mti wa Krismasi wakate matawi ya saiprasi katika ua wao wenyewe wakati wa kuupunguza. Msitume watoto msitu wa Eburru. Msitu ule umezungushiwa uzio, uliokamilika mwaka 2014, na kukata mti humo bila kibali ni kosa la sheria. Zaidi ya hayo, ni msitu unaotutunzia maji. Mti wa siku tano haustahili kumpeleka mtoto wa mtu mahakamani.

Naomba ruhusa ya Bwana Mwenyekiti nitoke nje ya Ndabibi kidogo, maana nimesoma habari ambayo wazee wataifurahia. Huko Marekani wapo watu weusi waadhimishao sikukuu iitwayo Kwanzaa, kuanzia tarehe 26 Desemba mpaka tarehe 1 Januari. Ilianzishwa mwaka 1966 na mwalimu aitwaye Maulana Karenga, naye alichukua majina yake kutoka lugha yetu hii ya Kiswahili. Hutandika mkeka juu ya meza. Juu yake huweka mazao, kikombe cha umoja, na kinara cha mishumaa saba, mitatu myekundu, mitatu ya kijani na mmoja mweusi. Kisha huweka mahindi, gunzi moja kwa kila mtoto wa nyumba hiyo. Wao huyaita "muhindi", na nadhani Mhindi wa dukani angeshangaa kuwekwa mezani. Na zawadi wapewazo watoto hupendekezwa ziwe vitabu, au vitu vilivyotengenezwa kwa mkono.

Nilipoisoma habari hiyo nilisimama nikatazama huku na huku ndani ya nyumba yangu. Mkeka ninao. Mahindi ninayo, yamening'inia juu ya moto kwa ajili ya mbegu. Watu waliochukuliwa mbali, wakatengwa na lugha za mababu zao, walipotaka kupamba meza ya sikukuu walitafuta vitu ambavyo sisi tunavificha nyuma ya mlango mgeni akija. Tangu mwaka huo mahindi ya mbegu nayatundika sebuleni mwezi wa Desemba, manne, kwa hesabu ya wanangu. Yule wa kwanza, siku ile alipoyaona, aliuliza lipi ni lake.

Juu ya chakula sitakawia, maana akina mama humu wananishinda. Neno langu ni kwamba unga wa chapati, mafuta na sukari vinunuliwe kidogo kidogo tangu Juni kwa mchango wa kikundi, na mnyama achinjwe mmoja kwa nyumba kadhaa. Ng'ombe wa jamaa wanane humlazimu kila mtu kumtembelea mwenzake walau kuchukua fungu lake, na hata waliokosana kwa mpaka wa shamba hukutana penye mizani. Nguo mpya, zikiwezekana, ziwe sare ya shule; mtoto atanung'unika asubuhi moja, lakini Januari atakuwa nayo.

Wapo watakaoniuliza kama mimi mwenyewe nimeacha kabisa kununua. Sikuacha. Kila mwaka hununua kitu kimoja, nacho watoto ndio hukichagua. Mwaka jana kilikuwa kioo, cha ukubwa wa sinia, na ukuta mweupe umekifanya kionekane kama dirisha la pili. Zile taa za deni ningali nazo ndani ya kasha. Mwanangu, yule aliyekaa nyumbani siku kumi na saba, alimaliza kidato cha nne, na sasa anajifunza kazi ya umeme, amesema atazitengeneza. Nimemwambia asiharakishe.

Bwana Mwenyekiti, nimalizie kwa habari ya vyombo. Halmashauri imekubali kwamba burashi nne za Chama, machekeche mawili na ngazi ziazimwe kwa zamu, siku tatu kwa kila nyumba, kuanzia tarehe 1 Desemba, na zirudishwe zikiwa zimeoshwa, maana chokaa ikigandia burashi haitoki. Wajane na wazee wasio na vijana nyumbani watatangulia, na vijana wa Chama wamejitolea kuwapakia. Waletewe chai tu. Wanaotaka kuandikisha majina yao wamwone Bwana Mwandishi kabla hawajatoka. Burashi yenye mpini mrefu, kuanzia tarehe 12, nimekwisha kuiandikisha mimi.